Kibwebwe cha ndani

Nina daftari la vipimo la mwaka 2004 ambalo sijalitupa. Jalada lake lilishabanduka, nikalishonea kipande cha jinzi ili kurasa zisisambaratike. Ndani mna majina ya akina mama wa Ngamiani, hapa Tanga, na vipimo vyao kwa inchi: kifua, kiuno, hipsi, mabega, urefu wa mbele, urefu wa mgongo. Baadhi yao ningali nawashonea mpaka leo. Nikilifungua daftari lile na la mwaka huu pembeni yake, naona miaka ishirini imewafanya nini.

Sisemi kunenepa. Kunenepa kila mtu anakuona. Ninachokiona mimi kiko kwenye vipimo viwili ambavyo mteja hata haviulizii. Cha mbele hupimwa kutoka begani, kupita juu ya ziwa, hadi kiunoni. Cha nyuma ni kutoka kifupa cha shingo hadi kiunoni. Mwanamke akiwa bado anasimama wima, cha mbele huwa kirefu kuliko cha nyuma. Miaka inavyokwenda, cha mbele kinapungua na cha nyuma kinaongezeka: kifua kinazama, mgongo unajikunja. Hapo ndipo mteja anaporudi na gauni mkononi. "Fundi, umenikosea, linapanda nyuma." Kumbe nilimshonea kwa vipimo vya mwaka juzi, na mwili wake haukunisubiri.

Yupo mmoja ambaye mwaka 2004 mbele alikuwa 17½ na nyuma 16. Leo mbele ni 16½, nyuma 17. Namkatia gauni kwa mchoro mwingine kabisa, na sijapata moyo wa kumwambia kwa nini.

Ukurasa wa kwanza wa daftari lile ni vipimo vyangu mwenyewe. Mbele 17, nyuma 15½. Idd ya mwezi Juni 2019 binti yangu, ambaye nilikuwa ndiyo kwanza namfundisha kazi, alinipima ili anishonee gauni. Akaandika: mbele 16½, nyuma 16. Nikamwambia rudia. Akarudia. Zikaja zile zile. Nilikuwa na miaka 42, na nilikuwa mkimbiaji, mtu ambaye mtaani wananiita mwanamazoezi. Sikulala vizuri usiku ule.

Kukimbia nilianza na kikundi chetu cha mchakamchaka. Jumamosi alfajiri tunakusanyika karibu na uwanja wa Mkwakwani, tunaimba, tunateremka hadi Raskazone tuione bahari, tunarudi jua halijakaa sawa. Nilianza kwa kupenda zile nyimbo, nikaja kupenda kukimbia kwenyewe. Kilomita tano zikawa kumi. Machi 2019 nikaenda Moshi kukimbia nusu ya Kilimanjaro Marathon, kilomita 21. Njia yake inapanda kuelekea Mweka, kisha unageuza na kuteremka kurudi mjini. Watu wengi walinitisha habari za mlima. Mlima niliupanda. Kilichoniua ni mteremko.

Kila hatua ya kushuka ilikuwa inapiga goti la kulia upande wa nje kama nyundo. Kiuno kikakaza. Na likatokea jambo jingine ambalo nitaliandika hapa wazi, kwa sababu najua wanaosoma wamo wanawake wanaolificha kama nilivyolificha mimi: mkojo ulikuwa unaniponyoka. Kidogo kidogo, kila mguu ulipotua. Nimezaa watoto watatu, na tangu yule wa mwisho nilikuwa navaa nguo nyeusi kwenye mchakamchaka na kuweka pedi hata nisipokuwa kwenye siku zangu. Nilidhani ndiyo gharama ya uzazi. Katika kikundi chetu tuko wanawake kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kulisema.

Niliporudi Tanga sikuweza kukaa kwenye cherehani kwa siku sita. Sehemu ya kwanza niliyokwenda walinipa vidonge vya maumivu na kuniambia niache kukimbia, umri umeenda. Vidonge nilimeza. Kuacha kukimbia kulinishinda.

Baada ya ile Idd ndipo nikafika kwa mtaalamu wa fiziotherapia, kijana wa miaka thelathini hivi, mpole. Aliniamkia, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha hakugusa goti wala kiuno. Alinisimamisha mbele ya kioo.

"Mama, simama kwa mguu wa kulia peke yake."

Nikasimama. Nyonga ya kushoto ikashuka, mimi nikainamia kulia ili nisianguke. Nikaona mwenyewe kwenye kioo. Akaniambia kukimbia ni kusimama kwa mguu mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine. Tukapiga hesabu pamoja. Nilikimbia saa mbili na dakika 34. Mtu hupiga hatua kama 160 kwa dakika. Hizo ni karibu hatua 24,600, yaani mguu wa kulia ulitua zaidi ya mara 12,000. Kila ulipotua nyonga ilikengeuka, na goti likavutwa kwa ndani kufuata paja. Nimeshona miaka mingi. Najua mshono unaovutwa upande mmoja hukatikia wapi.

Alinionyesha na sababu. Misuli iliyo ubavuni mwa tako, inayoshika nyonga isianguke, ilikuwa imelala. Nusu ya maisha yangu nimeikalia. Mguu wa kulia nao nilikuwa nakanyagia cherehani miaka kumi na minne kabla sijaweka mota, hivyo ulikuwa na nguvu ya kusukuma chini na hauna nguvu ya kunisimamisha.

Kisha akanilaza chali, magoti juu. Akaniambia niweke vidole ndani kidogo ya vile vifupa viwili vya mbele ya nyonga, nikohoe. Kitu kikakaza chini ya vidole. "Huo msuli," akasema, "unazunguka tumbo lote mpaka mgongoni. Upo chini kabisa, chini ya ile misuli ya tumbo inayoonekana kwa vijana wa jimu." Nikamwambia, mwanangu, hicho ni kibwebwe. Akacheka, akasema tangu leo atawaambia wagonjwa wake hivyo hivyo.

Kwa kuwa ndivyo kilivyo. Mwanamke wa huku akitaka kufanya kazi nzito, kutwanga, kuchota, kucheza ngoma mpaka asubuhi, anajifunga kanga kiunoni. Hakuna aliyemfundisha anatomia, lakini anajua kiuno kikishikwa, mikono na miguu inafanya kazi bila kuchoka haraka. Huu msuli ni kanga ambayo Mungu ametufunga kwa ndani. Juu yake kuna kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, kile kinachovuta pumzi. Chini kuna misuli ya sakafu ya nyonga, inayoshika kibofu na kizazi. Nyuma kuna misuli midogo inayoshikanisha pingili za uti wa mgongo. Vyote vinne hufanya kazi kwa pamoja, na vinatakiwa vikaze kidogo kabla mkono au mguu haujasogea. Mimi vyangu vilikuwa vinachelewa au havikazi kabisa, ndiyo maana mgongo na kibofu vilikuwa vinalalamika kwa wakati mmoja.

Mazoezi aliyonipa aliyaita Pilates. Nilidhani ni jina la dawa.

Ni jina la mtu. Joseph Pilates alizaliwa Ujerumani, mji wa Mönchengladbach, mwaka 1883. Alikuwa mtoto mgonjwa, mwenye pumu na matege ya mifupa laini, na alipokua akaamua kuujenga mwili wake mwenyewe: ndondi, sarakasi, mieleka. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Uingereza, akafungiwa kambini kama Mjerumani, mwisho kwenye kisiwa cha Isle of Man, na huko akawa anawafanyisha wenzake mazoezi. Miaka ya 1920 akahamia New York na kufungua studio na mkewe Clara, na wacheza dansi wa jukwaani wakawa wanakwenda kwake kutengeneza miili iliyoumia. Mwenyewe hakuyaita Pilates, aliyaita Contrology, elimu ya kuutawala mwili. Mwaka 1945 alitoa kitabu chenye mazoezi 34 ya kufanya chini sakafuni, bila mashine yoyote. Alifariki mwaka 1967, akiwa na miaka 83.

Hilo la sakafuni ndilo lililonipa moyo. Baadaye mdogo wangu aliyepo Dar es Salaam alinipeleka siku moja kwenye darasa lenye zile mashine zao, rifoma, kitanda chenye springi na kigari kinachoteleza. Ni kizuri, sikatai. Springi inakusaidia pale ulipo dhaifu na inakupinga pale ulipo na nguvu. Lakini bei ya mwezi mmoja pale ningenunua majora mawili ya kitambaa. Mimi nina mkeka wa ukindu, na juu yake blanketi lililokunjwa mara mbili ili mgongo usichubuke.

Nafanya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa baada ya kuswali Alfajiri, dakika 25, nyumba ikiwa bado kimya. Naanza na pumzi, na hii pumzi ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko yote. Fundi cherehani anapumulia mabegani. Ukiinama juu ya pindo la shela la bi harusi unabana pumzi bila kujua, saa nzima. Hapa unatakiwa uvute hewa mpaka mbavu zifunguke pembeni, huku kibwebwe hakijalegea, kisha utoe taratibu mbavu zikutane. Wiki mbili za mwanzo sikufanya lolote zaidi ya hilo na kukaza ile misuli ya chini, kama mtu anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, kisha kuilegeza. Kuilegeza nako ni zoezi. Msuli unaokaza tu bila kujua kulegea haufai.

Halafu daraja: chali, magoti juu, unanyanyua kiuno. Ukishafika juu, unainua mguu mmoja, na nyonga hairuhusiwi kushuka hata kidogo. Hapo ndipo nilipotetemeka. Mimi niliyepanda Mweka, nilitetemeka kama homa kwa kuinua mguu mmoja kutoka kwenye mkeka. Halafu kulala ubavu na kupeleka mguu wa juu mbele na nyuma, kiwiliwili kikiwa kimetulia. Halafu kulala kifudifudi na kuogelea pale pale, mkono huu na mguu ule. Hilo la kifudifudi ni dawa ya wote tunaoishi tumeinama: fundi, mama ntilie, mwalimu anayesahihisha madaftari, na hawa watoto wenye simu.

Lile linaloitwa Mia nilifika nalo mwezi wa nne. Unalala chali, kichwa na mabega juu, miguu hewani, mikono inapiga hewa kando ya mwili. Mapigo matano unavuta pumzi, matano unatoa, mara kumi. Na lile la kuketi kutoka kulala, pingili moja moja ikibanduka chini, nilielewa nilipolifikiria kama mkeka: unaukunja kuanzia ncha moja, hauruki katikati. Kushuka ni kuukunjua. Kushuka ndiko kugumu.

Na kushuka huko ndiko kulikonisaidia Moshi. Unapokimbia mteremko, misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki: inarefuka huku imekaza. Kazi hiyo huujeruhi msuli kuliko kusukuma, ndiyo maana siku ya pili mtu hawezi kushuka ngazi. Pilates karibu yote ni hiyo, kushusha kitu polepole bila kukiachia. Machi 2020 nilirudi Kilimanjaro Marathon. Sitasema muda wangu ulipungua kwa ajili ya mkeka peke yake, maana mwaka ule nilikimbia zaidi na nilijua njia. Nilimaliza kwa saa mbili na dakika 21. Ninachokihesabu zaidi ni kwamba tangu Mweka mpaka uwanjani goti halikusema neno, nilikuwa nimevaa suruali ya bluu ya mawingu, na nilifika nayo kavu.

Lile la mkojo lilichukua kama miezi mitatu kukoma. Nimewaambia wenzangu wa kikundi, mmoja mmoja, pembeni. Kati ya kumi na nane, saba walinijibu, "Hata mimi." Wanne kati yao sasa tunafanya pamoja Jumatano, uani kwangu. Kama nawe yanakupata, nenda kwa mtaalamu akuangalie kwanza. Wengine misuli yao imekaza kupita kiasi na haihitaji kukazwa zaidi, na huwezi kujijua mwenyewe kwa kutazama video za YouTube.

Sitaki mtu aelewe kwamba mkeka umechukua nafasi ya mazoezi mengine. Moyo wangu na mapafu yangu yanapata haki yao barabarani. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili au zaidi za kujenga misuli. Daraja na Mia havimpi mtu pumzi ya kilomita 21. Wala mifupa haipati uzito wa kutosha kwa kulala chini tu, kwa hiyo mara mbili kwa wiki nanyanyua madumu, la lita 20 kila mkono, nachuchumaa nayo na kusimama. Na yule mtaalamu hakunidanganya kuhusu mgongo pia. Alinieleza kwamba mwaka 2015 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia tafiti za tiba, walichambua tafiti kumi za watu wenye maumivu ya kiuno, watu 510, wakaona Pilates inasaidia kuliko kutofanya kitu au kufanya kidogo, lakini haikuthibitika kwamba inayashinda mazoezi mengine. Nilimheshimu kwa kunieleza hivyo. Aliniambia zoezi zuri ni lile nitakaloendelea nalo mwaka wa tano. Huu ni wa sita.

Jirani na duka langu kuna jimu ya vijana, na ninawashonea mashati. Wana vifua vya inchi 44 na 46, mashallah, lakini ukiwapima mabega kwa nyuma, mbele wamebanwa na nyuma wametanuka, kama wazee wao. Wanasukuma vyuma kifuani kila siku na mgongo hawaukumbuki. Mmoja alikuwa anaumia kiuno akinyanyua chuma kutoka chini. Nilimfundisha kutoa pumzi akiwa amekaza kibwebwe kabla chuma hakijaondoka sakafuni, na kuogelea kifudifudi dakika tano kabla ya kuanza. Siku hizi ananiita kocha, na shati lake la mwisho nilipunguza nusu inchi mgongoni.

Aliyebaki ni mama yangu. Ana miaka 76 na anaishi nami. Mgongo wake umeinama, na vipimo vilionyesha mifupa imedhoofika. Kwake yeye Mia ni haramu, na lile la kukunja mkeka ni haramu, kwa sababu pingili dhaifu zikikunjwa mbele kwa nguvu zinaweza kuvunjika. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona mabinti wakiwafanyisha bibi zao mazoezi ya tumbo ya kwenye simu. Yeye amepewa mengine: kulala chali na kufungua mbavu kwa pumzi, kusimama na mgongo ukutani na kupandisha mikono, kusimama kwa mguu mmoja ameshika dirisha, na kuketi kwenye kiti na kuinuka bila kujisukuma kwa mikono. Lile la mwisho ndilo alilolipenda. Anaswali kwenye kiti tangu 2017, na aliniambia kinachomuuma si kuswali kwenye kiti, kinachomuuma ni kuinuliwa kwenye kiti na wajukuu.

Wiki iliyopita binti yangu alikuwa anatupima sote kwa ajili ya harusi ya mwezi ujao. Mimi akaandika mbele 17 kasoro robo, nyuma 16 kasoro robo. Sikumwambia arudie. Nikaufungua ukurasa wa kwanza wa daftari la 2004 na kuandika pembeni ya namba za zamani, kwa kalamu nyekundu. Kisha akamgeukia bibi yake aliyekuwa ameketi mlangoni, akataka kumshika mkono amsimamishe.

"Niache," mama akasema. Akavuta pumzi, akaegemea mbele kidogo, akasimama, mikono yote miwili ikiwa inaning'inia pembeni. "Haya pima, na upime upesi, adhuhuri imekaribia."